Spika ya Zamani: Nini Kiguswe, Nini Kiachwe

Ukipata jozi ya spika za miaka ya 1960 au 1970, utapata na washauri wawili bila kuwaita. Wa kwanza atakwambia usiguse hata skrubu, kwa sababu ukigusa tu thamani imekwenda. Wa pili atakwambia utupe vya ndani vyote, ubakize kasha, uweke vya kisasa. Wasikilize vizuri: wote wawili wanaizungumzia spika kama kitu kimoja chenye umri mmoja. Sivyo ilivyo. Sumaku ya mwaka 1968 huenda iko vilevile ilivyotoka kiwandani, huku sponji iliyobandikwa pembeni mwa koni (ile sehemu inayotetemeka kutoa sauti) imeshakuwa unga, na kapasita, kifaa cha umeme cha kuchuja masafa kilicho nyuma yake, inafanya kazi ambayo mbunifu hakuipanga. Ndiyo maana swali la kubaki na vya asili au kuweka vya kisasa halijibiki kwa spika nzima. Linajibika kifaa kwa kifaa, na majibu hayafanani.

Nitaifungua spika moja maarufu, AR-3a ya Acoustic Research, kwa sababu karibu kila ugonjwa wa spika za zamani inao.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1954 mjini Cambridge, Massachusetts, na Edgar Villchur pamoja na Henry Kloss, aliyekuwa mwanafunzi wake. Wakati huo aliyetaka besi ya kweli sebuleni alihitaji kasha la ukubwa wa kabati. Villchur akapita njia nyingine kabisa. Aliilegeza koni mpaka ikawa karibu haina ukakamavu wake yenyewe, kisha akaifungia kwenye kasha dogo lisilopitisha hewa. Hewa iliyonaswa mle ndani ndiyo ikawa springi ya kuirudisha koni mahali pake. Springi ya hewa ina nidhamu kuliko ya karatasi na kitambaa, na besi ikatoka safi kwenye sanduku linalokaa juu ya rafu. AR-1 iliingia sokoni mwaka huohuo. AR-3 ya mwaka 1958 ikaleta spika ndogo zenye umbo la kuba. AR-3a ikafuata mwaka 1967: wufa (spika ya besi) ya inchi 12, kuba ya kati ya inchi moja na nusu, twita (spika ya sauti nyembamba) ya robo tatu ya inchi, na uzito wa kilo 24 hivi kwa kila kasha. Krosova, yaani sakiti inayogawa sauti, huiachia wufa kilicho chini ya hezi 575 (hezi ni mitetemo kwa sekunde), kuba ya kati ikachukua hadi hezi 5,000, na twita ikamalizia.

Kabla ya kushika bisibisi, anayetetea uasili ajue jambo moja: kiwanda chenyewe hakikusimama mahali pamoja. AR-3a za mwanzo zilikuwa na wufa yenye sumaku ya alniko na ukingo wa kitambaa. Baadaye, jina likiwa lilelile, sumaku ikawa ya feriti na ukingo ukawa wa sponji. Ukimwambia fundi "irudishe kama ilivyokuwa", ana haki ya kukuuliza kama ilivyokuwa lini.

Tuanze na hiyo sponji, maana ndiyo inayowapeleka watu wengi kwa fundi. Sponji ya poliyurethani haifi kwa sababu muziki umepigwa sana. Unyevunyevu wa hewani unaingia ndani yake na kuvunja minyororo ya kemikali inayoishika, polepole, hata spika ikiwa imefungwa kwenye boksi lake na haijawahi kuwashwa. Jua na joto vinaharakisha mambo. Aliye Mombasa, Unguja au Dar es Salaam asishangae kukuta sponji ya spika ya mtumba, iliyofika ikiwa nzima, inamomonyoka kwa kuguswa na kidole. Pwani yetu ni mahali pabaya kwa kitu hicho.

Hapa hoja ya "usiguse" inaanguka yenyewe. Sponji iliyooza ni ya asili, lakini sauti inayotoka si ile aliyoisikia Villchur. Koni imekosa mshiko, inayumba, koili (waya uliosokotwa nyuma ya koni) inakwaruza sumaku, na ukiendelea kuipiga unakula kile ambacho hakina spea. Sponji ni kitu cha kuliwa, kama tairi la gari. Ibadilishwe.

Hofu ya mwenye spika ni kwamba sponji mpya haitafanana na ya kwanza. Ni hofu ya haki, ila kwa spika ya aina hii ni kubwa kuliko inavyostahili, na hesabu yake si ngumu. Wufa ya AR-3a ikiwa mezani, nje ya kasha, mtetemo wake wa asili uko kwenye hezi 18 hivi. Ukiifunga ndani ya kasha, hewa inaupandisha hadi 42 hivi. Ukakamavu huongezeka kwa mraba wa masafa: gawanya 42 kwa 18, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata kama 5.4. Yaani kwenye kila mafungu 5.4 ya ukakamavu unaoirudisha koni, moja tu linatoka kwenye viungo vya wufa. Mengine yote ni hewa. Sasa tuseme fundi amebandika sponji ngumu isiyofaa, hata ukakamavu wa viungo ukawa mara mbili. Jumla inakuwa 6.4, na mtetemo unapanda kutoka hezi 42 hadi 46 hivi. Ukisogeza spika kutoka kwenye kona ya chumba umebadilisha besi kuliko hapo. Kwenye kasha lenye tundu la besi usitegemee huruma hiyo: hewa ya ndani kwa kawaida haibebi sehemu kubwa namna hiyo ya mzigo, na tundu lenyewe limepimwa kwa wufa ileile iliyokuwemo. Huko sponji ichaguliwe kwa uangalifu zaidi.

Kwa hiyo kazi ya kutazamwa kwa jicho kali ni ubandikaji wenyewe. Pengo ambamo koili inacheza, kati ya nguzo ya sumaku na ukuta wake, ni jembamba sana, na sponji ikishikwa upande hata kidogo, koili inaanza kusugua. Fundi makini hukwangua gundi ya zamani mpaka ukingo wa chuma na wa karatasi uwe safi, hukata kile kifuniko cha katikati ya koni kwa wembe, kisha huchomeka vipande vyembamba vya plastiki kuzunguka koili ili ikae katikati kwa nguvu. Ndipo hubandika sponji, huiacha gundi ikauke mpaka kesho yake, huvuta plastiki, hurudisha kifuniko. Wengine hawakati kitu: huunganisha wufa na amplifaya, hupiga mlio wa hezi 20 au 30 kwa sauti ndogo, na husogeza sponji gundi ikiwa bado mbichi mpaka mkwaruzo unyamaze. Njia zote mbili ni halali. Mimi naipenda ya pili kwa spika yenye kifuniko cha asili, kwa sababu kifuniko kilichokatwa hakirudi kuwa kilivyokuwa. Ukienda kuchukua spika yako, sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, sikio likiwa karibu. Isitoe sauti yoyote.

Mpango wa Villchur unaosamehe sponji hausamehi tundu. Springi ni hewa, na hewa ikivuja hakuna springi. Njia za kuvujia ni nyingi: ukingo wa kitambaa ambao dawa yake ya kuziba imekauka, puti chini ya ukingo wa wufa iliyogeuka jiwe, mashimo ya skrubu, vidhibiti vya nyuma. Kuna kipimo kisichohitaji mashine. Sukuma wufa ndani polepole, ishikilie sekunde chache, iachie. Kwenye kasha lililozibwa vizuri inarudi kwa kusitasita, kwa sababu hewa kidogo iliyotoroka inabidi irudi kwa njia nyembamba. Ikirudi mara moja, kana kwamba kasha halina mgongo, hewa inapita.

Puti mpya isiyokauka, au gasketi ya kisasa, ni maboresho yasiyo na ubishi wowote. Sijapata kumwona mtu anayekusanya puti. Kitambaa kilichokauka hupakwa tena dawa laini ya kuziba, safu nyembamba, inayobaki kunyumbulika ikikauka; gundi ya viatu na rangi ya raba zikae mbali. Na kuna "boresho" moja la kupiga marufuku kabisa: kutoboa kasha ili litoe besi zaidi. Koni iliyolegezwa kwa makusudi, ukiiondolea hewa iliyokuwa ikiishika, itapepea tu kwenye masafa ya chini mpaka koili igonge nyuma.

Kwenye krosova ndipo ugomvi wenyewe ulipo. AR-3a ina kapasita tatu: mikrofaradi 150 upande wa wufa, 50 kwa kuba ya kati, na 6 kwa twita. Kapasita za enzi hizo, ziwe za elektroliti au za karatasi na nta, hazibaki na thamani zilizoandikwa. Nyingine hupanda, nyingine hushuka. Za elektroliti zina tabia ya ziada: zikikauka, ukinzani wa ndani unaongezeka, na hapo kapasita inaanza kujifanya risista, kifaa cha kuzuia umeme. Mita ya kawaida inaweza kukuonyesha mikrofaradi zilezile na ikakuficha ugonjwa huo. Kuna mita yake maalumu.

Uzito wake ni huu. Chukua twita ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani). Kapasita iliyochoka ikiwa na ukinzani wa omu 2 ndani yake, twita inapoteza desibeli 3.5 za ukubwa wa sauti. Ndiyo ile spika unayosikia watu wakiiita "tamu" na "ya upole", wakidhani ni sauti ya zamani. Huo upole ni umri. Kuna aliyeununua kwa bei kubwa, na akitengenezewa spika atalalamika kwamba imeharibiwa.

Lakini upande wa pili nao una mtego. Kapasita za filamu za leo hazina karibu ukinzani wowote. Ikiwa ile ya kwanza, siku ilipotoka kiwandani, ilikuwa na nusu omu, mbunifu aliisikia nusu omu hiyo alipopanga sauti. Ukiiondoa umeongeza desibeli 1 kwenye twita bila kujua. Mtu hubadilisha kapasita, anasikiliza, anasema spika imefunguka. Huenda kilichofunguka ni desibeli moja, na risista ya bei ya chai ingeifunga tena. Kwa hiyo kanuni yangu kwenye krosova ni kubadilisha kwa thamani ya asili, kupima ukinzani wa zile za zamani zikiwa bado zinapimika, na kurudisha kwa risista kile ambacho filamu imekiondoa pale inapohitajika. Ile ya 6 iwe ya filamu, ni rahisi kupata na haitahitaji kuguswa tena. Ile ya 150 iwe elektroliti mpya isiyo na chanya na hasi. Ya filamu ya ukubwa huo ni furushi zima, na kwenye besi sioni faida yake. Kapasita zinazouzwa kwa bei ya spika nzima, zenye foili ya fedha, waachie wenye fedha.

Vidhibiti viwili vya nyuma, cha kuba ya kati na cha twita, ndivyo vinavyodanganya watu zaidi. Ni poti za waya, yaani vizuizi vya umeme vya kuzungusha, na kwa miaka waya huota kutu ya kijani pale kidole cha chuma kinapogusa. Kuba ya kati inanyamaza, mwenyewe anaamini imeungua, anaanza kutafuta nyingine. Zungusha kidhibiti huku na huko kabla ya kuomboleza. Poti ikiwa nzima, ifunguliwe, ikwanguliwe, ipakwe grisi ya umeme, itadumu miaka. Ikiwa waya umekatika, kuna za kisasa, ila haziielemei krosova kwa namna ileile, na sehemu fulani za mzunguko wake hazitatoa sauti iliyokuwa ikitoka. Atakayeziweka apime au asikilize upya, asidhani alama ya katikati bado ni katikati.

Twita ndipo mkono unapotakiwa kuwa mzito. Kuba ndogo ya AR-3a haina ndugu sokoni. Zinazoitwa mbadala zina nguvu tofauti, mara nyingi zinapaza zaidi kwa umeme uleule, na zinahitaji risista na wakati mwingine indakta (koili ya krosova) yake ili zikae kwenye mstari. Ukifika hapo, umebuni spika. Si dhambi, wengine wamefanya vizuri kabisa. Ila ni kasha la AR lenye krosova yako. Kabla ya hapo fundi achunguze nyaya nyembamba zinazoingia kwenye kuba. Mara nyingi twita "iliyokufa" imekatika waya tu mahali ambapo ncha kali ya kuchomea risasi inafika.

Spika nyingine zinapanga mizani hii tofauti. LS3/5A ya BBC ilibuniwa na wahandisi wa shirika hilo mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo. Ndani yake mna spika mbili za kampuni ya KEF, B110 ya besi na ya kati, na twita T27, na viwanda kama Rogers, Spendor na Harbeth viliitengeneza kwa leseni. Koni yake ni ya plastiki, hakuna sponji ya kuoza. Cha asili pale ni ulinganifu: kiwango cha twita kilirekebishwa kwenye krosova kulingana na twita ileile iliyofungwa humo. Ukihamisha twita kutoka jozi nyingine umevunja hesabu hiyo, hata kama namba za nyuma zinafanana. Mwishoni mwa miaka ya 1980, spika za B110 zilipokuwa zimesogea kutoka kwenye vipimo vya mwanzo, krosova nzima ilipangwa upya na spika ikatoka kuwa ya omu 15 ikawa ya omu 11. Anayechanganya vifaa vya aina hizo mbili hana LS3/5A ya aina yoyote.

JBL L100 ya mwaka 1970 iko ncha nyingine. Ni ndugu wa nyumbani wa 4310 ya studio, na krosova yake ni ya ubahili uliokithiri: wufa inapokea muziki wote bila indakta ya kuizuia, ikiachiwa ipungue yenyewe huko juu. Kuna mafundi wanaoiongezea indakta na kubadilisha mgao wote, na wanaosikia wanakubali kwamba sauti imetulia. Mimi hapo nasita. Ule ukali wa mbele ndio uliowafanya watu wanunue L100, na JBL wenyewe walipotaka iliyotulia walitengeneza nyingine, L100 Classic ya mwaka 2018, yenye twita ya titani na krosova kamili. Anayetaka sauti ya 2018 aitafute hiyo. Kile kitambaa cha mbele cha sponji ya miraba, kwa upande mwingine, nacho huwa unga, na kipya hakimdhuru mtu.

Makasha nayapita haraka. Ngozi ya mbao iliyobandikwa juu ni nyembamba. Msasa wa mashine unaitoboa kabla hujajua, kwa hiyo mkono, msasa laini, mafuta. Pamba ya glasi iliyomo ndani irudishwe ileile na kwa kiasi kilekile, kwa sababu nayo ni sehemu ya springi. Vaa glavu na barakoa. Waya wa ndani ukiwa haujaoza, uache.

Yapo mazingira ambamo "usiguse" ndilo jibu. Makumbusho ya Smithsonian huko Marekani yana AR-3 kwenye hazina yao, na kazi ya spika ile si kupiga muziki. Ni ushahidi wa gundi, wa mkono na wa mpangilio, na kapasita iliyokauka ni sehemu ya ushahidi. Ukipata jozi ya namba za mwanzo kabisa, boksi lake lipo, karatasi zake zipo, fikiria kwanza kabla ya kuita fundi.

Kwa wengine, maboresho makubwa yanaweza kukaa nje ya kasha kabisa. AR-3a inakula umeme. Ni mzigo wa omu 4 na haipazi kirahisi, na amplifaya ya leo yenye nguvu inayovumilia mzigo huo itakupa badiliko kubwa kuliko waya wowote wa ndani. Anayetaka twita iwe na mng'ao zaidi, au besi ipungue kwenye kona, ana vichujio vya kidijitali vya kupanga sauti kabla haijafika kwenye spika. Ukichoka nayo unazima, na spika iko palepale.

Lolote utakalofanya, fanya pande zote mbili. Kapasita mpya kushoto na za zamani kulia ni njia ya uhakika ya kuharibu usikivu wa jozi nzima. Vilivyotoka viwekwe kwenye mfuko na karatasi yenye tarehe, thamani ulizopima na ulichoweka, na mfuko uende na spika zikiuzwa. Mnunuzi anayejua hakati bei kwa sababu ya sponji mpya iliyokaa sawa. Anakata kwa twita isiyo yake, na anakata zaidi akigundua mwenyewe.